Fumbo la Hesabu na Mwalimu wa Kiswahili

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hiyo tumeifundisha miaka mingi, tumeitungia insha na kuitahini. Walakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza kwa nini vitabu vya hesabu vya shule za msingi za Tanzania, ambavyo sisi wa nchi jirani huvitazama tutafutapo istilahi, huyaita maswali ya maneno kwa jina hilohilo la mafumbo. Jina lenyewe si baya, na lina mvuto wake. Hata hivyo limeibeba ile methali mgongoni. Kwa mujibu wa methali, fumbo limekusudiwa limpite mjinga na limfikie mwerevu peke yake. Je, swali la hesabu nalo limekusudiwa hivyo? Ikiwa ndivyo, basi shule haina budi kukiri kwamba kazi yake ni kuwapepeta watoto, pumba huku na mchele kule. Ikiwa sivyo, yaani ikiwa kweli twataka watoto wote wafaulu hesabu, basi hatuna budi kulisoma upya lile swali lenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kulihakiki fumbo la hesabu kama tuhakikivyo hadithi fupi au shairi: lugha yake, mpangilio wake, ukweli wake, na jinsi lisomwavyo. Dai letu ni moja. Watoto wengi wanaosemwa kuwa hawana kichwa cha hesabu hawakushindwa na hesabu. Walishindwa na sentensi. Na sentensi, waalimu wenzetu, ni mali yetu.

Je, hili ni shamba la wenyewe?

Tunajua jibu la kwanza litakalotolewa. Itasemwa kwamba hesabu ina waalimu wake, na kwamba mwalimu wa Kiswahili anayeingilia somo hilo anavuka mpaka wa shamba la jirani. Wengine watasema kwamba hesabu ni lugha ya ulimwengu mzima, isiyohitaji Kiswahili wala Kiingereza, kwa sababu mbili na mbili ni nne kila mahali.

Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Mbili na mbili ni nne kila mahali zikiwa zimeandikwa kwa tarakimu na alama. Mara zinapovishwa maneno, hugeuka kuwa maandishi ya nathari kama maandishi mengine yoyote. Fumbo la hesabu lina wahusika, lina tukio, lina wakati na mahali, na mwishoni lina swali. Yote hayo hukusanywa katika sentensi tatu au nne. Ni vigumu kupata nathari iliyobanwa kuliko hiyo katika vitabu vya shule. Mtoto anayeruka neno moja katika hadithi ya sungura na fisi bado ataufikia mwisho wa hadithi. Anayeruka neno moja katika fumbo amepotea njia kabisa.

Wala jambo hili si dogo. Kati ya mwaka 2020 na 2022, katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne nchini Tanzania, ni kama mtahiniwa mmoja tu kati ya watano aliyefaulu Hisabati. Hatusemi kwamba wanne waliosalia waliangushwa na lugha peke yake. Madarasa yaliyojaa kupita kiasi, uhaba wa waalimu na uhaba wa vitabu una sehemu yake. Lakini ikumbukwe kwamba watoto wa shule za umma nchini humo husoma hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana nayo kwa Kiingereza katika sekondari. Hapa kwetu Uganda, tangu mwaka 2007 mtaala umeelekeza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo, na darasa la nne liwe daraja la kuvukia katika Kiingereza, ingawa shule nyingi za mijini huanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kila nchi ina mto wake wa lugha, na kila mtoto huuvuka akiwa amebeba hesabu kichwani. Asiyejifunza kulisoma fumbo katika lugha moja hatalisoma katika nyingine.

Mtoto aliyejibu kumi na saba

Siku moja, katika kipindi chetu cha Kiswahili, tuliandika ubaoni maneno haya: "Okello ana mbuzi 12. Ana mbuzi 5 zaidi ya wale wa Nakato. Nakato ana mbuzi wangapi?" Hatukusema kwamba ni hesabu. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono upesi, akajibu: "Kumi na saba, Mwalimu." Tulimwuliza amepataje. Alijibu bila kusita: "Kwa sababu limeandikwa zaidi."

Hatukumwambia kwamba amekosea. Tulimwomba alisome tena kwa sauti, kisha tukamwuliza ni nani kati ya hao wawili aliye na mbuzi wengi. Alisema ni Okello. Tukamwuliza kama basi Nakato aweza kuwa na mbuzi kumi na saba. Alinyamaza kidogo, akatazama ubao, akacheka mwenyewe, akasema: "Saba."

Tunaomba wasomaji walitafakari tukio hili dogo. Msichana huyo alijua kujumlisha, na alijua kutoa. Alijua pia maana ya neno "zaidi" aliposikia habari za Okello na Nakato kama habari za watu. Alichokosa ni mazoea ya kusoma kabla ya kukokotoa, na mazoea hayo hakuyakosa kwa bahati mbaya. Alifundishwa kuyaacha. Mtu fulani, kwa nia njema, alimpa orodha: ukiona "jumla" au "zaidi", jumlisha, ukiona "baki" au "pungufu", toa, ukiona "kila", zidisha, ukiona "gawa", gawanya. Orodha hiyo hufaa katika kurasa za mwanzo za kitabu, ambako maswali yametungwa kuifuata. Baadaye humsaliti mtoto, na humsaliti zaidi yule mtiifu aliyeiamini.

Tuchukue mfano wa pili. "Baada ya kumpa dada yake kalamu 4, Asha alibakiwa na kalamu 9. Hapo awali alikuwa na kalamu ngapi?" Neno "alibakiwa" linamwita mtoto atoe, naye akitii atajibu 5. Jawabu sahihi ni 13. Hapa kuna jambo ambalo mhakiki yeyote wa hadithi atalitambua mara moja: masimulizi yameanzia mwishoni, na swali linataka msomaji arudi nyuma. Huo ni mpangilio wa kiusimulizi, nao hufundishwa katika somo letu. Twawafundisha wanafunzi kuutambua katika riwaya za kurasa mia mbili, kisha twawaacha waanguke nao katika sentensi mbili.

Umri wa nahodha

Ugonjwa huu si wa Afrika Mashariki peke yake. Nchini Ufaransa, kunako mwaka 1979 na 1980, watafiti wa mafunzo ya hesabu katika mji wa Grenoble waliwapa watoto 97 wa madarasa ya chini swali la ajabu. Waliwaeleza kwamba katika merikebu kuna kondoo 26 na mbuzi 10, kisha wakawauliza umri wa nahodha. Watoto 76 walitoa jibu kwa kuzichezea zile namba. Wengi wetu tutacheka, lakini kicheko kisidumu. Watoto wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wameijua desturi ya shule. Walijifunza kwamba swali la hesabu halina haja ya kuwa na maana, kwamba kila namba iliyotajwa lazima itumike, na kwamba anayesema "swali hili halijibiki" huonekana mtovu wa adabu.

Mtaalamu wa hesabu George Pólya, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1945 kuhusu namna ya kutatua maswali, aliweka hatua nne, na ya kwanza aliifanya kuwa kulielewa swali. Mwaka 1977, mwalimu wa Australia Anne Newman alipendekeza njia ya kumhoji mtoto aliyekosea ili kujua alijikwaa wapi: katika kuyasoma maneno, katika kuyaelewa, katika kuyageuza kuwa hesabu, katika kukokotoa, au katika kuandika jawabu. Tazameni mpangilio huo. Hatua tatu hutangulia kabla mtoto hajaifikia hesabu yenyewe. Aliyejikwaa katika mojawapo ya hizo hasaidiki kwa kurudishiwa majedwali ya kuzidisha, maana si hayo yaliyomwangusha. Ni sawa na kumpa dawa ya macho mtu anayeumwa mguu.

Kiswahili cha mafumbo

Sasa tuigeukie lugha yenyewe. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kueleza mambo ya hesabu, lakini kina na mitego yake. Mwalimu asiyeijua mitego hiyo humlaumu mtoto kwa kosa la mtunzi.

Mtego wa kwanza ni neno dogo "kwa". Someni sentensi hii: "Musa aliuza maembe 12 kwa shilingi 600. Alipata shilingi ngapi?" Mtunzi alikusudia kwamba kila embe liliuzwa shilingi 600, na jawabu lake ni shilingi 7,200. Lakini sentensi aliyoiandika inaruhusu pia kwamba maembe yote kwa pamoja yaliuzwa shilingi 600. Mtoto akijibu 600, atapigwa mstari mwekundu, ilhali amekisoma Kiswahili sawasawa. Kama mtunzi angeandika "kila embe kwa shilingi 600" au "yote kwa pamoja kwa shilingi 600", mashaka yangeondoka. Kosa hapa ni la uandishi, nalo tunalikuta hata katika karatasi za mitihani ya majaribio zinazopita mikononi mwetu.

Jambo la pili si mtego bali ni utajiri usiotumiwa. Linganisheni sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Mama aliwagawia watoto watatu maembe 12 sawasawa." Ya pili: "Mama aliwagawia watoto maembe 12, matatu matatu." Hesabu ya zote mbili ni 12 gawanya kwa 3, na namba inayopatikana ni 4. Lakini katika sentensi ya kwanza hiyo 4 ni idadi ya maembe aliyoyapata kila mtoto, na katika ya pili ni idadi ya watoto wenyewe. Tofauti yote imebebwa na kule kurudiwa kwa neno: matatu matatu. Vitabu vya ualimu hutumia kurasa nyingi kueleza kwamba kugawanya kuna maana mbili, yaani kugawa kwa mafungu yaliyokwisha kujulikana idadi, na kugawa kwa kipimo cha kila fungu. Lugha yetu huyasema hayo kwa neno moja kurudiwa, na kila mtoto aliyetumwa kupanga nyanya sokoni mafungu ya tano tano anayajua. Mtoto anayeandika "maembe 4" katika sentensi ya pili amekokotoa vema na kusoma vibaya. Mwalimu anayempa alama zote bila kusema neno amempokonya somo lenyewe.

Hali kadhalika viambishi vya vitenzi. Kugawa, kugawia, kugawana, kugawanya na kugawanyika si neno moja. Katika kipindi cha sarufi tunazikariri kauli hizo: kutenda, kutendea, kutendana, kutendeka. Ni mara ngapi tumeonyesha kwamba zina kazi katika hesabu? Watoto wakigawana, wao ndio wapokeaji na wao ndio watendaji. Namba isipogawanyika, tunasema habari za namba yenyewe wala si za mtu. Kauli ya kutendeka ingepata uhai mkubwa kama tungeifundisha kwa mfano wa 7 isiyogawanyika kwa 2 bila baki.

Jambo la tatu ni saa. "Basi liliondoka Mbarara saa 3 asubuhi, likafika Kampala saa 8 mchana. Lilisafiri kwa saa ngapi?" Wako watoto wanaojibu "saa 8", kwa sababu katika maisha yao ya kila siku "saa ngapi" ni swali la kuulizia wakati, si urefu wa muda. Wasemaji wengi wameutatua utata huo kwa kusema "masaa matano" wanapotaja muda na "saa tano" wanapotaja wakati. Sisi waalimu tumekuwa tukiwasahihisha kwa ukali, kwani sarufi sanifu haitaki "masaa". Hatusemi kwamba kanuni ivunjwe. Tunasema tu kwamba kabla ya kuchora mstari mwekundu tungefaa kutambua kwamba msemaji alikuwa anatofautisha mambo mawili ambayo kanuni yetu imeyachanganya, na kumwonyesha njia nyingine ya kuyatofautisha, kama vile "muda wa saa tano". Aidha, Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu kucha, na kwa hiyo safari ile ni 8 kutoa 3. Mtoto huyohuyo akiisoma ratiba iliyoandikwa kwa saa za Kiingereza ataona 9 na 2, na akitoa kwa pupa atapata 7. Hapo hakuna upungufu wa akili. Kuna saa mbili za kupimia siku moja, na hakuna aliyekaa naye akamwonyesha zinavyoafikiana.

Istilahi zenye nuru na istilahi za kukariri

Kuhusu istilahi tunayo sifa ya kutoa na lawama ya kutoa. Waliounda istilahi za hesabu kwa Kiswahili wamefanya kazi ya heshima. "Namba tasa" ni jina lenye nuru: ni namba isiyozaliwa na namba nyingine ila moja na yenyewe, na yeyote ajuaye maana ya utasa hawezi kuisahau akifafanuliwa. "Witiri" ni neno linalofahamika kwa watoto wa Kiislamu katika sala ya witiri, ambayo rakaa zake si za jozi. Mwalimu akiligusa hilo, nusu ya kazi imekwisha. Lakini "kiasi" na "asili", yaani namba ya juu na ya chini katika sehemu, huandikwa ubaoni bila maelezo, na mtoto ajuaye asili kuwa ni chanzo hubaki akistaajabu. Angeambiwa kwamba asili yatueleza kizima kilikatwa vipande vingapi tangu mwanzo, na kiasi yatueleza tumechukua vipande vingapi, maneno hayo mawili yangemfundisha sehemu bila ya mchoro.

Lawama yetu kubwa ni juu ya maneno yanayofundishwa kama hirizi. Waliosoma Tanzania wote wanaikumbuka "MAGAZIJUTO": mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kitamu kukitamka, na kimewasaidia wengi. Lakini mpeni mtoto 10 − 4 + 3. Akiifuata hirizi neno kwa neno, atajumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7, kisha atatoa na kupata 3. Jawabu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa zina daraja moja, na hufanywa kwa kufuata mkono, kushoto kwenda kulia. Hapa tena mtiifu ndiye aliyeponzwa. Neno lililokaririwa bila maana ni sawa na orodha ile ya "zaidi" na "baki".

Tuseme neno pia juu ya majina ya namba. Kiswahili sanifu husema ishirini, thelathini, arobaini. Majina hayo, yaliyotoka katika Kiarabu, hayamwonyeshi mtoto kwamba ndani yake mna makumi. Ndugu zetu wa Kongo wengi husema makumi mbili, makumi tatu, na sisi tuliosoma kwa kufuata usanifu tumezoea kuyacheka hayo. Lakini mtoto asemaye makumi mbili ameshataja thamani ya nafasi kwa kinywa chake. Kadhalika mtoto wa Kiganda aliyezoea "amakumi abiri" na "amakumi asatu" amekuja shuleni na mali hiyo tayari. Mwalimu na aifundishe ishirini, kwani ndiyo sanifu; lakini aseme pia, hata kwa mwezi mmoja tu, kwamba ishirini ni makumi mawili na thelathini ni makumi matatu. Hakuna usanifu utakaovunjika.

Ukweli wa fumbo

Mhakiki hutazama pia kama hadithi ina ukweli wa maisha. Mafumbo mengi hayana. Watu wake hununua matikiti sitini bila sababu, hujaza matangi yanayovuja, na hawana haja wala hofu. Mtoto akiona kwamba hadithi haina mtu ndani yake, huacha kuisoma na kuziwinda namba peke yake.

Hapa tunao ushahidi mzuri kutoka Brazili. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto watano wachuuzi katika mji wa Recife. Kwenye biashara yao ya mtaani watoto hao walipata hesabu 98 katika kila 100. Hesabu za namna ileile zilipowekwa katika maswali ya maneno, walipata 74 hivi katika 100. Na zilipoandikwa kwa tarakimu tupu, walipata 37 hivi tu. Tusiipite haraka habari hii. Maneno hayakuwa adui yao. Maneno yenye maana yaliwasaidia kuliko tarakimu zisizo na maneno. Kwa hiyo dawa si kuliondoa fumbo katika kitabu; dawa ni kulifanya lisomeke na liaminike. Wauza mayai na ndizi za kuchoma wanaozunguka vituo vya mabasi vya miji yetu hawahitaji kuambiwa kwamba hesabu ina maana. Wanahitaji shule itambue kwamba wanaijua.

Tufanye nini?

Tungependa kutoa mapendekezo machache ambayo hayahitaji fedha wala kibali cha wizara.

Kwanza, mara moja kwa juma, fumbo la hesabu na lisomwe katika kipindi cha Kiswahili kama kifungu cha ufahamu. Lisomwe kwa sauti, lisimuliwe upya kwa maneno ya mwanafunzi, na kama lafaa liigizwe. Asiyeweza kulisimulia asiruhusiwe bado kulikokotoa.

Pili, mafumbo yaanze bila namba. Mathalan: "Mfanyabiashara wa Gulu alinunua magunia ya mahindi. Baadhi aliyauza, machache yakaharibika kwa mvua, na yaliyosalia akayaweka ghalani." Waulizwe: magunia yaliyouzwa yaweza kuzidi yaliyonunuliwa? Tukijua yaliyonunuliwa na yaliyouzwa tu, twaweza kujua yaliyomo ghalani? Ni jambo gani ambalo hatukuambiwa? Baada ya hapo ndipo namba ziingizwe. Mtoto aliyepita njia hiyo hataukisia umri wa nahodha.

Tatu, wanafunzi wenyewe watunge mafumbo na kubadilishana. Anayetunga hugundua haraka utata wa neno "kwa", maana mwenzake atampa jawabu asilolitazamia, nao watabishana. Ubishi huo ni uhakiki halisi, na ni hesabu halisi.

Nne, jawabu lisilo sahihi lipokelewe kwa swali moja: "Umelisomaje?" Swali hili humheshimu mtoto. Humwambia kwamba tunaamini alikuwa na sababu. Mara nyingi alikuwa nayo.

Tano, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hesabu wakae meza moja kabla mtihani wa shule haujachapwa, waisome kila sentensi. Nusu saa ya mwalimu wa lugha yaweza kuokoa alama za darasa zima.

Yako mambo mawili ambayo hatuyasemi, na hatupendi tuyasingiziwe. Hatusemi kwamba lugha ya mafumbo ilainishwe hata isibaki na ugumu wowote. Mtoto anayelishwa sentensi nyepesi tu hatajifunza kusoma nzito, na maisha hayatamwandikia mkataba wa mkopo kwa sentensi nyepesi. Utata uondolewe, kwa kuwa ni kosa. Ugumu usiondolewe, kwa kuwa ni kazi. Wala hatusemi kwamba mazoezi ya kukokotoa yaachwe. Asiyejua saba mara nane hataokolewa na ufahamu. Haba na haba hujaza kibaba, na majedwali ya kuzidisha ni katika haba hizo. Lakini kibaba kilichojaa hakimfai mtu asiyejua anapima nini.

Na iwapo mwalimu fulani atasema kwamba silabasi yake imejaa na mtihani wa darasa la saba unamkimbiza, tutamjibu kwa upole kwamba karatasi ya mtihani wa hesabu nayo ni maandishi ya kusomwa. Muda anaoutumia kufundisha kusoma hatakuwa ameuiba katika hesabu.

Tulianza na methali, na tumalizie nayo. Methali haikukosea, ilieleza hali ya dunia ilivyo, kwamba wako watu wanaozungumza ili wengine wasielewe. Lakini shule haikujengwa ili kuiendeleza hali hiyo. Kila mtoto anayerudi nyumbani na kumwambia mama yake kwamba yeye hesabu haziwezi amejipa hukumu, na huenda ataibeba maisha yake yote: atakwepa sayansi, atakwepa vitabu vya biashara yake mwenyewe, na atasaini asichokijua. Kama hukumu hiyo ilitokana na sentensi mbili ambazo hakuna aliyemfundisha kuzisoma, basi si yeye aliyeshindwa.

Hayo ndiyo maoni yetu. Tungefurahi kupata mafumbo ambayo wasomaji wamekutana nayo madarasani, mazuri na mabaya, pamoja na majawabu ya wanafunzi na sababu walizozitoa. Tafadhalini, sababu hizo msizisahihishe kabla ya kutuletea.